Mwaka Niliochagua Tatu-Saba-Tano

Juzi tulimzika Mzee Gwandu kule Ganako, pembeni ya kahawa zake, na nilipopewa kipaza sauti nikasema yale yale yanayosemwa kwa kila marehemu: alikuwa mtu wa watu, ametulea, pengo lake halizibiki. Nikarudi kukaa nimejikasirikia. Mtu aliyenifundisha kazi iliyonilisha zaidi ya miaka ishirini, nami namuaga kwa maneno ya kadi ya rambirambi! Wakati wali unapakuliwa, vijana watatu nyuma ya turubai walikuwa wanabishana habari za bunduki za Mzee. Mmoja akasema Mzee hakuwahi kushika kitu kidogo, kwamba alipiga nyati kwa mtutu unaopitisha kidole. Mwingine akanitupia jicho, akashusha sauti, ila hakuishusha vya kutosha. "Na yule mama eti naye alikuwa mwindaji bingwa. Sijui alikuwa anapigia nini, manati?" Wakacheka. Ningekuwa na umri wao ningewafuata na sahani yangu mkononi. Kwa kuwa nina goti bovu na nilikuwa nimejifunga kitenge cha msiba, nilimaliza wali wangu, nikaagana na Mama Gwandu, nikarudi nyumbani Karatu mjini na kukaa mezani na daftari. Haya ndiyo niliyotakiwa kuyasema.

Sitawachosha na habari za kwetu. Nianzie nilipokuwa na miaka ishirini na minne, nimechukuliwa kama mwanafunzi wa uwindaji kwenye kampuni iliyokuwa na yadi yake kando ya barabara ya kupanda getini Ngorongoro. Ndani ya hifadhi hakuwindwi, hilo kila mtu analijua. Kitalu chetu kilikuwa mbali kaskazini, ukishaipita Sale, siku nzima ya vumbi ndani ya gari. Kwa asiyeijua kazi hii, mwindaji bingwa siye anayewinda. Mgeni ndiye anayewinda. Wewe unasimama bega kwa bega naye, na mambo yakiharibika, mnyama amejeruhiwa na anawajia, wewe ndiye wa kumsimamisha. Mbele yenu wote anatembea mfuatilia nyayo, macho chini, mkononi ana fimbo tu. Mgeni hulindwa na wewe, wewe unalindwa na bunduki yako, na yule wa mbele analindwa na Mungu na uamuzi wako wa bunduki gani umebeba. Sikulielewa hilo mwanzoni. Nilidhani suala la bunduki ni suala langu.

Stoo ya silaha ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, kinanuka mafuta ya bunduki, mahema ya zamani na ile chumvi ya kupaka ngozi. Ndani ya sefu zilibaki bunduki mbili zisizo na mwenyewe, na nikaambiwa nichague moja, nijifunze nayo mwaka mzima, kisha ndiyo itakayoandikwa kwenye leseni yangu. Moja ilikuwa tatu-saba-tano, nyingine nne-tano-nane. Hizo namba ni upana wa tundu la mtutu, na ile ya pili ni pana zaidi, risasi yake fupi nene kama kidole gumba cha mkulima. Sheria ilikuwa hairuhusu kitu kilicho chini ya tatu-saba-tano kwa nyati na tembo, kwa hiyo machoni pangu ile ilikuwa bunduki ya aliyefaulu kwa alama ya mwisho. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale yadini, mfupi, na kila asubuhi Deo, dereva wetu, Mchaga mwenye mdomo usiopumzika, alinisalimia kwa kuuliza kama leo nitapika au nitawinda. Nikanyoosha kidole kwenye nne-tano-nane kabla Mzee Gwandu hajamaliza kueleza. Aliniangalia, akakuna kidevu, akasema, "Haya, binti. Ni yako ya kujifunzia." Hakuongeza neno, nami nikachukua ukimya ule kuwa ni sifa. Ujinga wa ujana huo!

Nilipiga na bunduki ile tangu Januari hadi Juni, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa nje ya mji, nikilenga boksi la sabuni lililochorwa duara kwa mkaa. Ilikuwa inapiga teke, jamani. Kila risasi ilinisukuma hatua nzima nyuma na kuniacha masikio yanavuma. Bega likawa la zambarau, kisha kijani, kisha manjano, na kabla halijarudi rangi yake ya kuzaliwa siku ya mazoezi ilishafika tena. Sikumwambia mtu. Mama Gwandu, mke wa Mzee, ndiye aliyegundua. Walikaa kwenye nyumba ya kampuni nyuma ya yadi, na yeye alitupikia wote kwenye jiko la mabanzi lililojaa moshi: makande, ugali na mnafu, maziwa mgando Jumapili. Siku moja nilishindwa kuinua sufuria ya makande kwa mkono wa kulia. Akafunga mlango, akanivua blauzi kama ananiogesha, akashika mdomo. "Hii ni kazi au ni adhabu?" akauliza. Akachemsha maji ya chumvi, akanikanda bega kwa taulo huku akigomba kwa Kiiraqw, na mimi nikamwapisha asimwambie mumewe. Alikubali kwa shingo upande. Boksi la sabuni nalo lilikuwa linasema yake: risasi moja ndani ya duara, mbili kwenye udongo chini ya boksi. Nilijiambia kuwa ni upepo.

Kampuni ilikuwa na desturi yake, na sijaikuta kwingine. Siku ya kufungua msimu, mwanzoni mwa Julai, wawindaji walisimama mstari uani, kila mmoja na bunduki yake begani, na wafuatilia nyayo wakaja kutoka upande wa pili, na kila mmoja akaenda kusimama mbele ya yule atakayekubali kumtembelea mbele msimu huo. Hakuna bosi aliyewapangia. Mtu anayetembea na fimbo mbele ya nyati, walisema, ana haki ya kuchagua nani awe nyuma yake. Mwindaji asiyesimamiwa na mtu alibaki yadini kuhesabu mahema. Mwaka ule tulisimama wawindaji wanne, mimi wa mwisho, nimevaa kaki mpya iliyopigwa pasi, nne-tano-nane inaning'inia kama mlingoti. Wafuatilia nyayo walikuwa watano. Wa kwanza wao alikuwa Lemayani, Mmasai wa Soitsambu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole, ambaye kila asubuhi alinisalimia "Takwenya!" na kungoja niitikie "Iko!" ndipo apite. Nilikuwa na uhakika naye. Alinitazama usoni, akapita, akaenda kusimama mbele ya Mzee Gwandu. Wengine wanne wakagawana kwa wale wawili waliobaki. Mbele yangu kulikuwa na ua mtupu na kuku wa Mama Gwandu anadonoa. Deo, yule yule wa mdomo, alitazama chini na hakusema kitu, na huruma yake ikaniuma kuliko kejeli zake zote.

Nikaenda kujificha nyuma ya jiko. Sikwenda kusikiliza, naapa, nilikwenda kulia. Lakini mabanzi yana nafasi, na ndani walikuwa wawili wanakunywa chai. "Yule binti umemvunja," nilimsikia Mzee Gwandu. Lemayani akasema hajamvunja mtu, amesimama kwake tu, kama mwaka jana. "Ungemwambia hata neno." Ikasikika chai ya moto inafyonzwa. Kisha Lemayani akasema, taratibu, "Mzee, mimi natembea na fimbo. Mtu wa nyuma yangu akiogopa nyati, sawa, hata mimi naogopa nyati. Lakini yule anaogopa bunduki yake. Nimemwangalia kule kwenye kokoto. Anafumba macho kabla haijalia. Sasa mimi niache watoto wangu kwa sababu ya macho ya mtu?" Mama Gwandu, aliyekuwa na kiapo changu kifuani, akaangusha kifuniko cha sufuria kwa nguvu isiyo ya lazima.

Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Lingekuwa tusi ningelijibu. Lilikuwa kweli tupu, na limesemwa na mtu asiye na kinyongo, anayehesabu tu kama atarudi nyumbani. Hasira ilinipanda kwanza, sitaficha. Nilitaka kuingia na kumwambia aje aishike yeye aone. Halafu nikajitazama bega, nikajiuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza miezi sita: kama ni upepo, mbona risasi zote zinazokosa zinakwenda chini?

Kesho yake nilimwomba Mzee Gwandu twende kwenye kokoto. Hakuuliza kwa nini. Tulipofika akaichukua bunduki, akanigeuzia kisogo, akapakia mwenyewe, akanipa. "Piga." Nikapiga, ikalia, nikakosa. Akapakia tena, amenigeuzia kisogo vile vile. "Piga." Nikalenga, nikavuta triga, ikasema ka! Basi. Alikuwa ameweka ganda tupu. Na mbele ya macho yangu, bila mlio wala teke lolote la kulisingizia, mtutu ule uliinama kwa nguvu mpaka ukakaribia kugusa chini. "Unachimba viazi, binti," akasema. Alirudia mara nne, nisijue lini ni risasi na lini ni ganda, na kila ganda tupu lilipofika nilichimba viazi. Mwili wangu ulikuwa unakimbia bunduki kabla bunduki haijafanya chochote. Nilikaa juu ya kokoto nikalia kwa kwikwi, pua inatiririka, sina hata leso. Mzee alikaa pembeni akisafisha mtutu hadi nilipomaliza.

"Unataka bunduki ya kuonyesha watu au ya kusimamisha nyati?" akauliza. Nikamjibu kwa ukweli wa aliyeishiwa, "Zote mbili, Mzee." Alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo hawajaitengeneza." Akatoa risasi mbili mfukoni, akazisimamisha juu ya jiwe, nene na ndefu. Akasema hatanidanganya kuwa ziko sawa. Ile nene inasukuma zaidi, na mikononi mwa mtu anayeiweza ndiyo angeichagua yeye kwenye kichaka kizito. Lakini hii ndefu nyembamba, yenye kichwa kigumu, inapenya mfupa wa nyati toka mbele hadi nyuma ikiwekwa panapotakiwa, na wakati mwenye ile nene bado anaurudisha mtutu chini, mwenye hii ameshakoki risasi nyingine na amelenga tena. "Kwa leo ile huiwezi," akasema. "Labda baada ya miaka mitano. Nyati hatakusubiri miaka mitano." Nikasema watu watanicheka. "Watakucheka," akakubali, "mpaka Agosti hivi. Halafu watachoka."

Basi nikaitoa nne-tano-nane kwa mikono yangu, nikairudisha kwenye sefu, nikachukua ile nyingine. Deo akapata chakula cha mdomo. "Dada Paskalina ameteremshwa daraja! Amepewa ya kupigia kanga!" Nikamwambia aende akasimame pale kwenye boksi la sabuni aone kama ni ya kanga. Lakini moyoni nilikuwa nimeamua, na nikishaamua mimi ni kichwa ngumu, mwulize yeyote. Tatu-saba-tano nayo ilipiga teke, ila ilikuwa teke la mbuzi, si la punda. Ilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono mirefu, nikawa nanyoosha shingo kuifikia, na hapo Mzee alifanya jambo lililowaacha wote midomo wazi. Aliweka kitako cha bunduki juu ya benchi la fundi seremala, akachukua msumeno, akakikata upana wa vidole viwili. Fundi mwenye benchi akaomba asitajwe kama mtu atauliza. Niliporudisha bunduki begani jicho lilikaa lenyewe nyuma ya shabaha, kile kijiti cha kulengea juu ya mtutu, bila kutafuta. Kumbe miezi yote ile nilikuwa navaa kiatu cha mtu mwingine.

Msimu wote wenzangu wako kitaluni, mimi nilikuwa stoo. Asubuhi, kabla ya chai, Mzee akiwa yupo au mkewe akinifungulia, nilisimama na bunduki isiyo na risasi, Mama Gwandu akaweka punje ya hindi juu ya mtutu, karibu na mdomo wake, nami nikavuta triga. Punje ikianguka, tunaanza upya. Sharti langu lilikuwa punje hamsini zisizoanguka ndipo ninywe chai. Wiki ya kwanza nilikunywa chai saa tano. Mama Gwandu alikaa kwenye gunia la chumvi akinisimulia mambo ya jumuiya na nani amegombana na nani kwaya, kusudi anichanganye, na nilipojifunza kutoangusha punje huku namsikiliza alianza kunishtua kwa kupiga sufuria ghafla. Mwezi wa tisa zikawa hazianguki tena. Kwenye kokoto Mzee alirudi na mchezo wake wa ganda tupu, na siku ya kwanza ganda liliposema ka! na mtutu ukabaki umetulia, wote wawili tuliukodolea macho. "Viazi vimeisha," akasema. Nilifurahi hadi nikamkumbatia, akatazama pembeni kwa aibu. Kisha akanifundisha kupakia: ya kwanza kutoka iwe yenye kichwa laini, inayofumuka ndani ya mnyama, zinazofuata zote ngumu, kwa sababu mara ya pili nyati atakuwa amekugeukia, na mbele yake hakuna nyama laini, kuna mfupa na pembe.

Novemba, mvua za vuli zimeanza, nyati dume alitoka msituni akiwa na waya wa mtego umemkata mguu wa nyuma, akajificha kwenye korongo kati ya mashamba ya Ganako. Asubuhi hiyo alikuwa amemvunja nyonga mama aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe. Afisa wanyamapori alikuja yadini mwenyewe. Askari wake wote walikuwa upande wa pili wakifukuza tembo, akamwomba Mzee Gwandu amsaidie. Mzee na Lemayani walikuwa wamerudi mjini siku mbili kabla kuchukua vipuri. Mzee akachukua nne-tano-nane yake, akanitazama nilivyosimama mlangoni mwa jiko na kikombe mkononi. "Chukua yako," akasema. Lemayani alisikia. Alijifunga rubega vizuri tu. Deo akatuendesha hadi mwisho wa barabara, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema, "Dada, rudi salama," bila kuongeza mzaha.

Tuliingia korongoni Lemayani mbele, Mzee nyuma yake, mimi wa tatu. Udongo mwekundu umelowa, mguu mmoja wa nyati unaburuta, nyayo zinasomeka hata na mimi. Ilipofika saa nne hivi nyayo zikaacha mchanga wa chini, zikapanda ukingo kuingia kwenye kichaka kilichoshonana. Ukingo ule ulikuwa utelezi, na Mzee, aliyekuwa na nyonga iliyokwisha kuchoka, alijaribu mara mbili akateleza mara mbili. Akasema kwa kunong'ona, "Mtapanda nyie. Mimi nazunguka pale chini, akishuka namkuta." Lemayani akageuka, akanitazama. Hakunichagua, nataka hili lieleweke; nilimwangukia tu kama mvua. "Umepakia nini?" akauliza. "Laini moja, halafu ngumu tatu." "Nani amepakia?" "Mimi." Akavuta pumzi ndefu, akapanda.

Ukitembea nyuma ya mtu asiye na silaha, unaona shingo yake. Nakumbuka shingo ya Lemayani kuliko ninavyokumbuka kichaka. Ilikuwa na jasho, na mkufu mwembamba wa shanga za bluu, na ilikuwa inageuka kidogo kidogo kushoto, kulia. Tulikwenda hatua labda arobaini. Wafuatilia nyayo na wawindaji wa kampuni yetu walikuwa na makubaliano ya kale: mnyama akija, mwenye fimbo hakimbii. Akikimbia, anakatiza mbele ya mtutu. Anachuchumaa palepale alipo, anainamisha kichwa, anamwachia mwenzake kazi. Nilikuwa nimelisikia likisemwa mara nyingi juu ya chai. Kulisikia na kuliona ni mambo mawili. Shingo ile ilisimama, mkono wa fimbo ukanyooka, na nyati akatoka upande wa kushoto, akiwa amezunguka na kutungoja kando ya nyayo zake mwenyewe, pua juu, anakuja kwa miguu mitatu kwa kasi ambayo sikujua miguu mitatu inayo. Na Lemayani akachuchumaa. Mtu aliyekataa kusimama mbele yangu Julai, mbele ya watu wote, akachuchumaa hatua mbili mbele yangu, akainamisha ile shingo.

Niliogopa. Waliosema hawaogopi wana yao. Lakini macho yalibaki wazi, na jicho likakaa lenyewe nyuma ya shabaha. Ya kwanza ikampata kifuani. Nikaona tope na maji vikiruka kwenye ngozi, na hakusimama, hata hakupunguza. Nikakoki. Mtutu haukuwa umeenda popote. Sasa alikuwa karibu mno, na ili kumpata kichwani ilibidi nishushe mtutu mpaka juu ya bega la kushoto la Lemayani, karibu kabisa na kichwa chake, na nikajua ninachofanya, na nikapiga. Nyati akakunja magoti ya mbele, akalima udongo kwa mdomo, akalala. Nilimpiga nyingine kwa usalama. Baadaye Mzee alipima kwa miguu yake kutoka kwenye pembe za nyati hadi zilipokuwa nyayo za Lemayani: hatua nne.

Lemayani alibaki amechuchumaa. Nikamwita, hakuitika. Nikamshika bega, akageuka na kuniangalia mdomo, si macho. Kutoka sikio lake la kushoto damu nyembamba ilikuwa inateremka hadi kwenye shanga. Hospitali walisema ngoma ya sikio imepasuka, tungoje. Tukangoja hadi Krismasi. Halikurudi.

Watu walinisifu, na sifa zao zilinikaa kooni. Yule mama wa nyonga alinitumia kuku. Deo alikuwa anasimulia baa kwa baa, na kila alipokuwa anasimulia nyati aliongezeka ukubwa. Mimi nilikuwa nawaza sikio. Nilimwumiza mtu asiye na hatia, hivyo ndivyo nilivyoona. Fomu ya leseni ilikuwa imeshapita kata na wilaya, imebaki niandike aina ya bunduki na kutia saini, na ilikaa kwenye meza yangu majuma matatu. Mwishowe nikaenda kumtafuta Lemayani, nikamkuta nyuma ya gereji ya yadi anakata tairi kutengeneza katambuga. Nikakaa upande wa kulia kwake. Nikamwambia naacha kazi, na kwamba namwomba msamaha, na kwamba pengine angekuwa Mzee nyuma yake asingeumia.

Alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla, wala baada. Aliweka kisu chini. "Angekuwa Mzee? Na ile kubwa yake, juu ya kichwa hivi?" Akajishika masikio yote mawili. "Ningekuwa kiziwi kabisa. Sikiliza wewe. Mlio wa kwanza niliusikia. Wa pili sikuusikia. Niliona tu magoti ya nyati yanakunjika, karibu hapa, nikaona mate yake. Mtoto wangu mdogo ana miezi minane. Sikio limelipia kitu, na wewe sasa unataka kukirudisha dukani?" Niliinamisha uso. Akachukua kisu, akaendelea kukata tairi. "Andika," akasema. "Andika hiyo hiyo bunduki."

Nikaenda nikaandika, kwa herufi kubwa, nikatia saini hadi kalamu ikatoboa karatasi. Na Julai ilipofika tulisimama tena uani, bunduki begani, mimi wa mwisho kwenye mstari. Lemayani alitoka upande wa pili wa kwanza, kama kawaida yake. Alimfikia Mzee Gwandu, akamshika mkono, wakaongea kidogo, Mzee akatikisa kichwa kukubali na kupisha. Kisha akaja hadi kwangu. Hakunisalimia, hakutabasamu. Alipima hatua mbili mbele yangu, akageuka akanipa mgongo, akatazama walipokuwa wengine, na mbele ya macho yangu, bila kuambiwa na mtu, akachuchumaa.